Je, wajua kwa nini anayetembea peku hukanyaga kokoto bila kuumia, lakini bado anazihisi?

Mtu aliyezoea kutembea peku, yaani miguu mitupu, huota sugu kwenye nyayo: ngozi nene, ngumu, hasa kisiginoni na chini ya vidole. Wengi hudhani sugu hiyo ni ngozi iliyokufa ganzi. Si kweli.

Kila unyayo unaposuguliwa na kugandamizwa na ardhi, ngozi hujibu kwa kuzalisha keratini kwa wingi, protini ileile inayounda kucha na nywele. Tabaka za juu hurundikana na kuwa ngumu. Ni kweli kwamba seli za juu kabisa zimekufa, lakini mishipa ya fahamu inayopokea mguso na mtetemo haiko huko juu; imelala chini zaidi, kwenye ngozi hai.

Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao, waliowapima watu wa Kenya na Marekani, wengine wavaaji viatu na wengine wazoefu wa kwenda peku. Walipima unene na ugumu wa sugu, kisha wakatikisa ngozi ya unyayo kidogo kidogo kuona mtu ataanza kuhisi mtikisiko wa kiasi gani. Wenye sugu nene walihisi sawasawa na wenye nyayo laini.

Siri iko kwenye ule ugumu. Ukigonga ardhi kwa ncha ya fimbo, mkono ulioishika unajua mara moja kama umegonga jiwe au mchanga. Sugu nayo hupitisha habari za ardhi namna hiyohiyo, ilhali soli nene ya sponji huzimeza njiani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sugu inapokishinda kiatu: inakinga bila kuficha.

Na kinga yenyewe si haba. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. (Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena akiwa na viatu, na kwa kasi zaidi, kwa hiyo wapenzi wa peku wasishangilie mno.)

Ila sugu haifuniki mguu mzima. Katikati ya vidole ngozi hubaki laini, na viluwiluwi vya minyoo ya safura, vinavyoishi kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya hapo bila hata jeraha. Funza naye hupenda pembeni mwa kucha. Msumari wenye kutu, bila shaka, hauulizi unene wa sugu.

Wanaopaswa kuogopa zaidi ni wenye kisukari. Ugonjwa huo ukikaa muda mrefu huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na hapo ganzi inakuwa ya kweli. Mtu hukanyaga kigae asijue, au kidonda huanza chini ya sugu bila maumivu hadi kitoe usaha. Ndiyo maana huambiwa wavae viatu hata ndani ya nyumba, na wakague nyayo zao kila siku.