Njiti wa miezi minane

Ngamiani, Tanga, mtoto njiti akizaliwa, wazee hawaulizi kilo. Wanauliza, "Wa miezi mingapi?" Ukijibu saba, nyuso zinakunjuka. Ukijibu minane, utasikia innalillahi kabla ya wakati wake. Wa saba hupona, wa minane hafiki arobaini: bibi yangu aliapa hivyo, na ushahidi alikuwa nao kwa majina.

Imani hii si ya Tanga peke yake. Wagiriki wa kale waliiandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini mapafu hayajui witiri na shufwa. Yanachotaka ni ute unaopaka vifuko vya hewa kwa ndani. Bila ute huo, mtoto akitoa pumzi vifuko hunywea na kugandana kama mfuko wa nailoni uliolowa, na kila pumzi inayofuata ni kazi ya kuvibandua upya. Ute huanza kutengenezwa kwenye wiki ya 24 hivi, na kwa watoto wengi hutosha ifikapo wiki ya 35. Basi wa minane ana akiba kubwa kuliko wa saba. Nadhani uongo huu umeishi kwa hesabu mbovu: wa saba aliyekufa zamani aliitwa mimba iliyoharibika, hakuhesabiwa; na "wa saba" aliyezaliwa na kilo tatu, miezi yake ilipunguzwa kwa sababu wanazozijua wenye harusi.

Mfano wa wa minane aliyekufa upo, tena mashuhuri. Agosti 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa kwenye wiki ya 34 akiwa na kilo 2.1, akafa baada ya saa 39. Aliyemuua ni upungufu wa ute, wala si mwezi wa nane. Mwaka 1971 daktari George Gregory alitangaza njia ya kumsukumia mtoto hewa mfululizo ili vifuko visinywee. Kati ya watoto 20 wa kwanza, 16 walipona. Siku hizi kuna namna rahisi: mrija unaingia puani, mwisho wa pili umezamishwa kwenye chupa ya maji, mara nyingi sentimita 5, na kina hicho ndicho kipimo cha msukumo. Maji yakitoa mapovu, mambo yanakwenda. Yakinyamaza, muite nesi, pengine mrija umechomoka.

Hapo ndipo dhana ya pili inapoingia: "Akiwekewa gesi, andaeni matanga." Nimeona baba akikataa oksijeni kwa sababu hiyo. Anayewekewa ni yule ambaye hali yake tayari ni mbaya. Kuilaumu oksijeni ni kulilaumu kopo la kuchotea maji kwamba ndilo lililozamisha ngalawa. Ila wenye hofu wana chembe ya haki. Oksijeni ikizidi huharibu macho ya njiti, na katika miaka ya 1940 na 1950 maelfu walipofuka hivyo. Ndiyo maana kuna kile kitaa kinachofungwa mguuni kupima oksijeni iliyomo kwenye damu: njiti aliye kwenye oksijeni kwa kawaida huwekwa kati ya asilimia 90 na 95. Nesi akipunguza, hajamnyima.

Sindano ya kukomaza mapafu nayo inachanganya watu. Hachomwi mtoto, huchomwa mama kabla hajajifungua, na huhitaji saa kadhaa ili ifanye kazi. Madaktari Liggins na Howie waliithibitisha New Zealand mwaka 1972. Kwa hiyo mwenye mimba ya wiki 30 akishikwa na uchungu, shangazi asimwambie asubiri ukolee.

Mkirudi nyumbani, jiko la mkaa chumbani eti mtoto apate joto, hapana. Udi na ubani pia, hata kama ni arobaini yake. Joto lipo kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kanga juu. Mama akienda kuoga, baba avue shati.