Kusimbua maandishi ya URL ndani ya hoja ya hifadhidata: maana yake

Mtu akitafuta ng'ombe wa Mbarara kwenye tovuti ya mnada, halafu wewe ukafungua jedwali linalohifadhi maneno yaliyotafutwa, unaweza kukuta hivi: ng%27ombe+wa+Mbarara. Hakuna kilichoharibika. Maandishi yamesimbwa ili yasafiri ndani ya anwani ya wavuti (URL), na kuyarudisha yalivyokuwa ndiko kusimbua. Hoja nayo ni agizo unaloiandikia hifadhidata ikupe au ibadilishe data (query).

Anwani ya wavuti haipokei kila alama. Nafasi haikubaliki, nazo &, ? na / zina kazi yao ya kutenganisha sehemu za anwani. Basi alama yenye matata huandikwa kwa namba ya baiti yake katika heksadesimali (hesabu ya tarakimu 16, 0 hadi 9 kisha A hadi F), ikitanguliwa na alama ya asilimia: nafasi ni %20, & ni %26, ritifaa ya ng'ombe wetu ni %27. Kanuni yenyewe, RFC 3986, ilitoka Januari 2005. Fomu za wavuti zina desturi yao ya zamani zaidi: nafasi huwa +, na + halisi huwa %2B. Hapo ndipo vichwa huanza kuuma.

Herufi nyingine hula baiti zaidi ya moja. Kiganda kina ŋ, ambayo katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti mbili, C5 na 8B. Neno eŋŋoma, yaani ngoma, husafiri likiwa e%C5%8B%C5%8Boma. Ukisimbua kila baiti peke yake kama herufi kamili, ŋ inageuka Å‹. Kusanya baiti kwanza, ndipo uzisome kama UTF-8.

Hifadhidata nyingine zina kitendakazi (function) cha kazi hii. Trino ina url_decode. ClickHouse ina viwili: decodeURLComponent huiacha + ilivyo, decodeURLFormComponent huigeuza nafasi. MySQL na PostgreSQL hazikuja na chochote cha namna hiyo, kwa hiyo watu hupachika REPLACE, kitendakazi cha kubadilisha kipande cha maandishi kwa kingine, ndani ya REPLACE. Kwa alama chache inatosha, ila mpangilio ndio kila kitu. Anza na +, kisha %2B na wenzake, na %25, ambayo ni alama ya asilimia yenyewe, iwe ya mwisho kabisa. Tuseme mtu aliandika %20 kwa makusudi, imehifadhiwa %2520. Ukitanguliza %25 unabaki na %20, na REPLACE inayofuata inaifanya nafasi. Umesimbua mara mbili bila kujua.

Niliwahi kukabidhiwa jedwali la wateja ambamo namba za simu zilianza na nafasi, halafu 256. Aliyelijenga aliapa kwamba wateja ndio walioandika vibaya. Kumbe programu ilisimbua %2B256 ikapata +256, kisha hoja ikasimbua tena, na + ikaenda na maji. Ukishaipoteza hivyo, data haikuambii tena kama palikuwa na + au nafasi tangu mwanzo. Kwa simu za Uganda unakisia, kwa majina ya bidhaa huwezi.

Kwa maoni yangu hoja si mahali pa kusimbua kila siku. Programu isimbue mara moja inapopokea, data iingie ikiwa safi. Ukiifunga kolamu ndani ya kitendakazi kwenye WHERE, sehemu ya masharti ya hoja, faharasa (index) ya kawaida ya kolamu hiyo haikusaidii tena, na jedwali lote linapekuliwa mstari kwa mstari. Kusimbua ndani ya hoja kunafaa unaposafisha data ya zamani, tena kwenye kolamu mpya, ile ya awali ukiiacha kama ilivyo.

Na unapoitafuta hiyo data chafu, angalia LIKE, sharti la kutafuta maandishi yanayofanana na kiolezo. Humo % maana yake ni "chochote", hivyo LIKE '%20%' itakuletea hata 2023 na bei ya 20000. Katika MySQL na PostgreSQL andika LIKE '%\%20%', ambamo \ huifanya % inayofuata iwe alama ya asilimia tu.