Ndege hasusi yai kwa sababu umeligusa

Wengi wetu tulikanywa utotoni: ukigusa yai la ndege wa porini, mama atanusa harufu ya mkono wako na kulisusa. Si kweli. Kinachomfukuza ndege ni bughudha: mtu anayerudi kila mara kuchungulia, anayesimama karibu, anayefunua majani yaliyokificha kiota.

Kwa hiyo ukikuta yai zima limeanguka, na kiota chake unakiona na kukifikia, lirudishe taratibu, kisha ondoka. Lililopasuka liache.

Ila hakikisha limeanguka kweli. Kware na kanga hutaga chini. Inama utazame: kijishimo kisicho na kina, majani makavu machache, mayai yenye rangi ya udongo. Hicho ni kiota. Usiguse chochote.

Ubaridi nao huwapotosha watu. Ndege wengi wadogo hutaga yai moja kwa siku, na huanza kuatamia mayai yanapokaribia kutimia. Mayai mawili ya baridi yanaweza kuwa hai kabisa, na mwenyewe yuko jirani akisubiri uende zako.

Tafadhali usilipeleke nyumbani. Linahitaji joto la karibu nyuzi 37.5 mchana na usiku, unyevu wa kutosha na kugeuzwageuzwa. Likianguliwa, kinda la aina nyingi hulishwa tangu alfajiri hadi magharibi. Tena nchi nyingi zimekataza kuchukua mayai hayo, Marekani kwa sheria ya 1918 na Uingereza kwa ile ya 1981.