Makunyanzi ya ngozi: chanzo chake na namna yanavyotibiwa

Makunyanzi ni mistari na mikunjo inayojitokeza kwenye ngozi iliyopungukiwa unene, unyevu na uwezo wa kurudi mahali pake baada ya kuvutwa au kukunjwa. Huanza kuonekana usoni, shingoni na nyuma ya viganja, yaani sehemu ambazo kwa kawaida hazifunikwi na nguo. Makunyanzi yenyewe si ugonjwa, wala hakuna anayelazimika kuyatibu. Lakini yule anayetaka kuyapunguza anapaswa kwanza kufahamu kwamba hayana chanzo kimoja, kwa sababu watu wengi hupoteza fedha, na wengine huharibu ngozi zao, kwa kununua dawa ya kunyanzi la aina moja na kuipaka kwenye kunyanzi la aina nyingine.

Ngozi ina tabaka la juu, ambalo ni jembamba sana, na chini yake lipo tabaka la kati ambalo ndilo lenye nguvu. Katika tabaka hili la kati zimo nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huishikilia ngozi kama nondo zinavyoshikilia zege, pamoja na nyuzi za elastini zinazoiwezesha kunyooka tena baada ya kuvutwa. Imo pia asidi ya hialuroni, ambayo kazi yake ni kuhifadhi maji. Chini kabisa kuna mafuta yanayoujaza uso na kuupa umbo. Tangu mtu anapoingia utu uzima, kolajeni yake hupungua kwa takribani asilimia 1 kila mwaka. Kwa wanawake upungufu huo huenda kasi zaidi baada ya ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka: inakadiriwa kwamba karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi hupotea katika miaka 5 ya mwanzo. Mafuta ya mashavuni nayo hupungua na kushuka, na mifupa ya uso husinyaa kidogo kidogo, hivyo ngozi hubaki kubwa kuliko kilichomo chini yake. Ndiyo maana mkunjo unaotoka puani hadi pembe ya mdomo huwa mrefu na wenye kina kadiri umri unavyosonga, hata kwa mtu aliyeitunza ngozi yake vizuri.

Hayo ni ya umri, na hayazuiliki. Ya jua ni mengine. Mtu mzima akilinganisha ngozi ya upande wa ndani wa mkono wake, karibu na kwapa, na ile ya nyuma ya kiganja, ataona kwamba ya kwanza ni laini, ina rangi moja na inarudi haraka ikifinywa, ilhali ya pili imekauka, ina madoa na hukawia kunyooka. Ngozi zote mbili ni za mtu yule yule na zina umri ule ule, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na jua. Mionzi ya urujuanimno ya aina B huishia zaidi katika tabaka la juu na kuliunguza, lakini ile ya aina A, ambayo ndiyo nyingi zaidi kati ya mionzi hiyo inayofika ardhini, hupenya hadi tabaka la kati na kuviamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Mionzi hiyo ya aina A hupita pia kwenye vioo vya kawaida vya madirisha. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulijaa makunyanzi mazito, wakati upande wa kulia ulionekana kuwa wa mtu mwenye umri mdogo zaidi kwa miaka mingi. Madereva wa mabasi na malori katika barabara zetu hukaa dirishani saa nyingi vivyo hivyo, tena katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako kipimo cha mionzi ya urujuanimno saa za adhuhuri mara nyingi hufikia 11 na kuzidi, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari kubwa mno.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi, huchuja sehemu ya mionzi kabla haijafika kwenye kolajeni, na kwa sababu hiyo makunyanzi membamba ya jua huchelewa sana kwa Waafrika wengi. Kwao dalili ya mapema ya jua huwa ni madoa na rangi isiyolingana. Kinga hiyo hata hivyo si kamili, na wenye ualbino wanayo kidogo sana au hawana kabisa. Kwa watoto wenye ualbino wanaokua bila kinga, ngozi ya uso, shingo na mikono hukauka, hukakamaa na kukunjamana mapema mno, na juu ya ngozi hiyo hiyo iliyoharibika huja baadaye saratani. Katika Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino nchini Tanzania, na hakuna mfano ulio wazi zaidi wa ukweli kwamba kuikinga ngozi na jua si suala la urembo peke yake.

Chanzo cha tatu ni misuli ya uso. Kila anapokunja uso, anapocheka au anapokaza macho kwa sababu ya mwanga mkali, mtu huikunja ngozi mahali pale pale, na baada ya miaka mingi mkunjo uliokuwa wa kupita hubaki umechorwa. Kuvuta sigara huongeza madhara kwa njia mbili, kwani kemikali za moshi hubana mishipa midogo ya damu na kuchochea kuvunjwa kwa kolajeni, na tendo lenyewe la kubana midomo huacha mistari ya wima kuizunguka. Kupungua uzito kwa haraka, na kwa baadhi ya watu kulalia uso, nako huchangia. Kunywa maji mengi ni jambo jema kwa afya, lakini hakuondoi kunyanzi lililokwisha kujichora.

Ipo njia rahisi ya kuzitambua aina hizi. Mtu asimame mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, uso ukiwa umetulia, kisha akunje paji, atabasamu, na hatimaye aulegeze uso tena. Mistari inayokuja na kuondoka ni ya misuli. Inayobaki kati ya nyusi au pembeni mwa macho wakati uso umetulia ilianza kwa misuli, na sasa imekuwa ya kudumu. Mistari myembamba iliyotapakaa kwenye mashavu, ikiambatana na ukavu na madoa, kwa kiasi kikubwa ni ya jua. Mkunjo mzito unaopungua ngozi ya shavu inaposukumwa juu kwa kidole hutokana na kulegea na kupungua kwa mafuta.

Tiba iliyo nafuu kuliko zote, na ambayo kwa maoni yangu inastahili kutangulia nyingine yoyote, ni kujikinga na jua. Katika mji wa Nambour nchini Australia, watafiti waliwagawa watu wazima 903 katika makundi, na baada ya miaka 4 na nusu waligundua, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, kwamba waliotakiwa kupaka mafuta ya kuzuia jua kila siku walikuwa na dalili za kuchakaa kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko wale waliopaka walivyopenda wenyewe. Mafuta yafaayo ni yale yanayozuia mionzi ya aina zote mbili, yenye kiwango cha kinga cha 30 au zaidi, na hupakwa tena kila baada ya saa 2 kwa anayeshinda nje. Asiyeyamudu asikate tamaa, kwa kuwa kofia yenye ukingo mpana, mtandio, mwavuli na nguo za mikono mirefu hufanya kazi kubwa bila gharama ya kila mwezi.

Kwa ngozi kavu, glisarini, vaselini au losheni ya kawaida hujaza unyevu katika tabaka la juu na kuifanya mistari myembamba isionekane sana kwa saa kadhaa. Hiyo ni faida ya kweli, ila ni ya muda. Krimu zinazouzwa kwa bei kubwa kwa sababu eti zina kolajeni hazina zaidi ya faida hiyo, maana chembe za kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi hadi tabaka la kati. Dawa ya kupaka yenye ushahidi wa miaka mingi ni tretinoini, ambayo ni ya jamii ya vitamini A. Ilitumika kwanza kutibu chunusi, na mwaka 1986 Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha matokeo kwamba huifanya pia ngozi iliyoharibiwa na jua kujenga kolajeni mpya. Hupakwa usiku kwa kiasi kidogo, kipatacho punje moja ya njegere kwa uso mzima, na matokeo huonekana baada ya miezi kadhaa. Wiki za mwanzo ngozi huwasha na kubanduka, kwa hiyo ni busara kuanza kwa siku mbili au tatu katika wiki. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asiitumie. Retinoli inayouzwa bila cheti cha daktari ni ya jamii hiyo hiyo, lakini nguvu yake ni ndogo zaidi.

Hapa sina budi kuutaja mkorogo. Krimu nyingi zinazouzwa mitaani kwa ahadi ya kung'arisha na kulainisha uso zina haidrokuinoni, zebaki au steroidi kali, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, Kenya na Rwanda. Steroidi hudanganya, kwani katika majuma ya mwanzo ngozi hung'aa na kuonekana nyororo, na mtumiaji huamini amepata dawa. Baadaye tabaka la kati husinyaa, mishipa ya damu huonekana kwa nje, ngozi hupasuka kwa urahisi na hukunjamana kuliko ilivyokuwa. Kwa kuwa mkorogo huondoa pia melanini, jua hupewa nafasi ya kuimalizia ngozi hiyo. Anayetaka kuacha amwone daktari kwanza, kwa sababu kuacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu huweza kuleta vipele na mwako mkali usoni.

Kwa makunyanzi ya misuli, krimu hazifui dafu. Yanayosaidia ni sindano za sumu ya botulinamu, ambayo kwa dozi ndogo sana huzuia neva isiuamrishe msuli kujikunja. Nchini Kanada, mwaka 1987, daktari wa macho Jean Carruthers aliyekuwa akitibu kope zinazokakamaa aligundua kwamba mikunjo ya kati ya nyusi ilitoweka pia. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo yao mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani iliidhinisha matumizi hayo. Nguvu ya sindano hudumu miezi 3 hadi 4. Ikichomwa vibaya, kope huweza kulegea kwa wiki kadhaa.

Mikunjo ya kupungua kwa mafuta hujazwa kwa sindano za asidi ya hialuroni, ambazo hudumu kati ya miezi 6 na 18. Hatari yake ni nadra lakini nzito: dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuua kipande cha ngozi au hata kupofusha jicho, kwa hiyo isichomwe saluni wala na mtu asiye na kimeng'enya cha kuiyeyusha hapo hapo. Ngozi iliyolegea sana hunyooshwa kwa upasuaji. Leza na asidi za kubandua ngozi hupunguza makunyanzi ya jua, ila kwa ngozi nyeusi joto kali la leza na asidi nzito huacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi, na mwenye historia ya makovu yanayovimba na kutanuka anapaswa kumweleza daktari mapema.

Na endapo juu ya ngozi iliyokunjamana kwa jua kutatokea kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, gamba linalorudi kila likibanduliwa, au doa linalobadilika ukubwa na rangi, mtu huyo aache kufikiria makunyanzi na aende hospitali achunguzwe saratani ya ngozi.