Je, wajua? Kingamwili zinazonasa kirusi kwenye choo cha mtoto ni za panya

Mtoto wa miezi minane anaharisha maji na kutapika. Kiasi kidogo cha choo chake kinakorogwa kwenye kimiminika, matone machache yanadondoshwa kwenye kijiti cha plastiki, na haichukui nusu saa mistari miwili inajitokeza: virusi vya rota vimo. Kazi hiyo imefanywa na kingamwili. Kingamwili za nani?

Wengi hujibu kwamba ni za mtoto. Tulifundishwa shuleni kuwa kingamwili ni askari wa mwili, kwa hiyo kipimo chenye kingamwili lazima kiwe kinahesabu askari wa mgonjwa. Sivyo, na kwa watoto wachanga kosa hili si dogo.

Vipimo vinavyotafuta kingamwili za mgonjwa vipo. Vipimo vingi vya haraka vya VVU, vile vya kutoboa kidole, ni vya aina hiyo, na kwa mtu mzima vinafaa sana. Kwa mtoto wa chini ya miezi 18 haviwezi kuthibitisha kwamba ameambukizwa. Mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na mtoto huzaliwa na akiba hiyo. Kama mama ana VVU, kipimo cha mtoto kitaonyesha mistari miwili hata kama mtoto hana kirusi hata kimoja. Kilichosomwa hapo ni historia ya mama. Akiba huisha polepole, kwa wengi kabla ya kutimiza mwaka, kwa wengine baadaye, ndiyo maana mwongozo ukaweka miezi 18. Mpaka hapo, mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hutobolewa kisigino akiwa na wiki 4 hadi 6, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi maalumu, na maabara inatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

Kwa rota, kungoja kingamwili za mtoto kungekuwa na kasoro nyingine. Kuhara kwenyewe huchukua siku chache, kama 3 hadi 8. Mwili unapokuwa umetengeneza kingamwili za kutosha kupimwa, mtoto ameshaanza kucheza. Tena karibu kila mtoto duniani, kabla ya chanjo kuja, alikutana na rota kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa hiyo kuzikuta kwenye damu yake hakusemi lolote kuhusu kuhara kwa leo.

Basi kijiti kinauliza swali kinyume. Hakijali mwili wa mtoto umefanya nini, kinamtafuta mhusika mwenyewe, na kinatumia kingamwili zilizotengenezwa mbali na mtoto yeyote, mara nyingi kwa seli za panya.

Mwanasayansi Ruth Bishop na wenzake wa Melbourne, Australia, walikiona kirusi hiki kwa watoto mwaka 1973, kwa darubini ya elektroni, mashine ambayo zahanati haiwezi hata kuiota. Miaka miwili baadaye, Cambridge, Uingereza, watafiti Georges Köhler na César Milstein walifanya jambo ambalo bado linasikika kama mzaha: waliunganisha seli ya bandama la panya aliyechanjwa na seli ya saratani. Ya kwanza inajua kutengeneza kingamwili lakini hufa haraka nje ya mwili, ya pili haijui kufa. Iliyozaliwa ikarithi yote mawili. Seli za namna hii hutenganishwa moja moja kwenye visahani vya vishimo vidogo, kila kishimo kinapimwa, na ile inayotoa kingamwili inayofaa hufugwa kwa miaka. Walipata Nobel mwaka 1984, pamoja na mwanasayansi mwingine, Niels Jerne. Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, hawakukata.

Kingamwili inayofaa ni ipi? Hapa wazo la askari linaharibika kabisa. Kwa rota inayolengwa sana ni VP6, protini ya tabaka la kati la kirusi, kwa sababu haibadilikibadiliki kati ya aina na aina kama ganda la nje. Lakini kingamwili nyingi za VP6, katika majaribio ya kawaida ya maabara, hazizuii kirusi kuingia kwenye seli. (Majaribio ya panya yameonyesha kuwa baadhi zinaweza kukibana kikiwa tayari ndani ya seli, kwa hiyo tusizidharau moja kwa moja.) Kijiti hakihitaji mpiganaji. Kinahitaji mtu asiyesahau sura.

Fikiria stendi ya mabasi. Getini wapo wapiga debe wenye fulana nyekundu, kila mmoja anamtafuta abiria yuleyule mmoja: hao ni kingamwili zilizobandikwa chembe ndogo za dhahabu, ambazo zikirundikana huonekana nyekundu. Abiria akiingia, wanamng'ang'ania na kusogea naye. Mbele, wapiga debe wengine wamefungwa wasitoke walipo, na wao wanamtaka abiria huyohuyo. Wakimshika, aliyevaa fulana anakwama pamoja naye, na fulana zikijaa mahali pamoja unaona mstari. Abiria asipokuwepo, wenye fulana wanapita mikono mitupu. Mwisho kabisa yupo mgambo anayekamata wapiga debe wenye fulana wenyewe, wawe na abiria au wasiwe naye. Huo ndio mstari wa pili, na mgambo huyo mara nyingi ni kingamwili ya mbuzi dhidi ya kingamwili za panya. Asipokamata mtu, stendi haikufanya kazi na kipimo kinatupwa.

Abiria lazima awe na pa kushikwa na wawili kwa wakati mmoja. VP6 imejirudia mara 780 kwenye kirusi kimoja, kwa hiyo hata kingamwili ya aina moja inaweza kushika pande zote mbili.

Tahadhari zipo. Chanjo ya rota ya matone ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtoto aliyeipata karibuni anaweza kukitoa chooni na kuwasha mstari. Mtoto asiyeumwa naye huweza kukibeba. Vijiti vya aina hii pia hutegemea wingi wa virusi: kwa RSV, kirusi cha mapafu, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2015 ulikuta vinanasa takriban asilimia 80 ya watoto walioambukizwa, na chini ya asilimia 30 ya watu wazima, ambao puani mwao virusi huwa vichache.

Na kwa mtoto anayeharisha, ORS na zinki huanza mara moja, mstari uonekane usionekane. Faida kubwa ya kipimo hiki iko zaidi kwa wanaohesabu: kujua ni watoto wangapi waliolazwa kwa rota kabla ya chanjo, na wangapi baada yake.