Faili la GB 3 linagandisha, la GB 40 linateleza

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nikiweka klipu za harusi kwenye programu ya kuedit mashine inastaki, niongeze RAM?" Anayeuliza huwa ameshapita Kariakoo, ameshatajiwa bei, na kwangu amekuja kutafuta baraka tu. Mimi namuuliza kwanza hizo klipu zimetoka kwenye kamera gani. Wengine wanaona nakwepa swali, lakini nusu ya jibu imejificha hapo.

Ukubwa wa faili peke yake hausemi mengi. Faili la GB 40 lililofungwa kwa ProRes, aina inayopendwa na waedit, linaweza kuteleza vizuri kwenye laptopu ya kawaida, na klipu ya simu isiyofika GB 3 ikaigandisha laptopu hiyohiyo mpaka mshale wa mausi ugeuke duara. Kinachotofautisha ni namna picha zilivyofungwa ndani ya faili, yaani kodeki.

Simu na kamera nyingi za siku hizi zinarekodi kwa H.264 au H.265, ambayo pia utaikuta inaitwa HEVC. Kodeki hizi zimetengenezwa kwa ajili ya kubana, kurusha na kutazama, kazi ya kukata si yake. Hazihifadhi kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ikiwa nzima. Zinahifadhi fremu moja kamili, halafu zinazofuata zinaandikwa mabadiliko tu: bibi harusi kasogeza mkono, shela limepepea, ukuta wa nyuma uko vilevile. Mtu anayetazama kuanzia mwanzo hadi mwisho haoni tatizo. Wewe unayeedit unarukaruka. Ukitua katikati, programu inalazimika kurudi hadi kwenye fremu kamili iliyotangulia, ifumbue zote zilizofuata moja baada ya nyingine, ndipo ikuoneshe hiyo uliyoitaka. Ukiburuta kinyumenyume kwenye taimlaini ndiyo balaa zaidi. ProRes na DNxHR, kodeki zilizotengenezwa kwa ajili ya kuedit, zinahifadhi kila fremu ikijitegemea, ndiyo maana zinakula diski lakini hazichoshi prosesa.

Tena fremu ikishafumbuliwa inavimba. 4K ya 3840 kwa 2160 ina pikseli 8,294,400. Ukipiga baiti nne kwa kila pikseli, fremu moja kwenye memori (RAM) ni kama MB 33, na fremu 25 kwa sekunde zinapita MB 800. Hiyo ni klipu moja, hujagusa rangi wala kuweka jina la bwana harusi. Klipu hiyohiyo, kama imerekodiwa kwa Mbps 100 (megabiti kwa sekunde, na biti nane ni baiti moja), kwenye diski ilikuwa inasomwa kwa MB 12.5 tu kwa sekunde.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa chipu wanaweka sehemu maalumu ya kufumbua video. Intel wana Quick Sync, NVIDIA wana NVDEC, AMD na Apple nao wana za kwao. Sehemu hiyo ikiielewa kodeki yako, prosesa inapumzika. Isipoielewa, mzigo wote unaiangukia prosesa, na hapo ndipo watu wanapoteza hela. Kamera nyingi mpya zinarekodi H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani rangi zilizohifadhiwa kwa undani zaidi ya kawaida. Kadi za NVIDIA zilizotangulia familia ya RTX 50, iliyoingia sokoni 2025, hazifumbui H.265 ya 4:2:2. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kadi ya bei ya pikipiki, na kwenye klipu za aina hiyo akapitwa na laptopu ya Intel ya kizazi cha 11 ambayo Quick Sync yake inaielewa. Na ukinunua prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, ujue haina grafiki za ndani, hivyo Quick Sync huna. Muuzaji atakwambia F ni nafuu, na kweli ni nafuu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, pima. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, kisha cheza taimlaini yako pale inapoganda huku unatazama grafu. Prosesa ikiwa imegonga asilimia 100 na ile grafu ya GPU (chipu ya grafiki) iliyoandikwa Video Decode imelala chini, chipu haikusaidii kufumbua. Prosesa ikiwa imetulia huku diski imefika 100, tatizo lako ni usomaji. Memori ikiwa imejaa na diski ya mfumo inahangaika, hapo sasa ndipo tunazungumza habari za RAM. Na kama klipu tupu zinacheza vizuri ila zikiwekwa rangi, blaa (ukungu) na kupunguziwa chenga zinakwama huku grafu ya 3D ikipanda, angalia efekti, hasa ile ya kuondoa chenga. Ukitaka kujua klipu yako ni ya aina gani, MediaInfo ni ya bure. Buruta faili ndani yake usome kodeki, biti, mfumo wa rangi na kama kasi ya fremu ni thabiti au inabadilika.

Wakati unapima, usiogope maneno "Not Responding". Windows huyaandika pale programu inapokaa takriban sekunde tano bila kujibu chochote, hata kama ndani inachapa kazi. Premiere, programu ya kuedit ya Adobe, kwa mfano, ukiingiza folda la klipu ndefu inaandaa sauti na michoro ya mawimbi yake kwanza, na hiyo inachukua muda. Kama prosesa au diski inaonekana kufanya kazi, kanywe chai. Ukiiua katikati, mara nyingi itaanza upya zile ilizokuwa hazijaisha.

Tiba ninayoanza nayo karibu kila mara ni proksi: nakala nyepesi ya kila klipu, unakata kwa hiyo, halafu wakati wa kutoa video programu inarudi kwenye klipu halisi. Kwenye Premiere chagua klipu zote kwenye dirisha la Project, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, ingia Proxy kisha Create Proxies, chagua ProRes Proxy yenye nusu ya vipimo. Media Encoder, programu ndugu ya Premiere, itafunguka na kufanya kazi yenyewe, kwa hiyo iache usiku ukalale. Ukirudi, usiishie hapo. Kuna kitufe cha kuwasha na kuzima proksi kinachoitwa Toggle Proxies, na huenda hutakiona mpaka ubonyeze alama ya kujumlisha chini ya dirisha la picha na kukiburuta kwenye safu ya vitufe. Nimeletewa mashine "iliyoshindikana hata kwa proksi" ambayo proksi zake zote zilikuwepo, zimezimwa. Kwenye DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuedit, ni Generate Proxy Media, kisha kwenye menyu ya Playback uhakikishe umechagua kupendelea proksi.

Watu wanaogopa kwamba video ya mwisho itatoka na ubora wa proksi. Haitoki hivyo, ila tu kama wewe mwenyewe umeweka tiki kwenye Use Proxies wakati wa kutoa. La kuhofia ni nafasi. ProRes Proxy ya 1080, yaani nusu ya vipimo vya 4K, kwa fremu 25 ni kama Mbps 38, sawa na GB 17 kwa kila saa ya rekodi. Harusi ya kamera tatu, kila moja saa nne kuanzia saluni hadi ukumbini, inakuwa saa 12 za video, yaani zaidi ya GB 200 za proksi. Hesabu nafasi yako kabla ya kubonyeza. Kama unatengeneza proksi kwa programu nyingine, hakikisha idadi ya chaneli za sauti inalingana na klipu halisi, la sivyo Premiere itakataa kuziunganisha.

Tatizo jingine ni kusomea klipu kwenye njia nyembamba. USB 2.0 imeandikwa Mbps 480 kwenye karatasi, lakini kwa kazi halisi unapata MB 30 hadi 40 kwa sekunde. Weka kamera nne za Mbps 100 kwenye taimlaini ya kamera nyingi: zinahitaji MB 50 kwa sekunde kwa pamoja. Hapo programu itaganda hata ukiwa na prosesa ya kurushia roketi. Diski za kuzunguka nazo zina tabu yake, kwa sababu kichwa kinachosoma kinarukaruka kati ya mafaili manne, na kasi iliyoandikwa kwenye boksi inabaki hadithi. Nunua SSD ya nje, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya kuwekea kazi inayoendelea, ichomeke kwenye tundu la USB 3 ambalo mara nyingi ni la bluu, na zile diski za kuzunguka ziachie kazi ya kuhifadhi harusi za mwaka jana. Kuedit moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi au fleshi sikushauri kabisa. Nakili kwanza.

Kisha kuna C, diski ya mfumo, iliyojaa. Kashi ya Premiere, yaani mafaili ya muda inayojitengenezea, kwa kawaida inakaa kwenye diski ya mfumo, na kila mradi unaongeza mafaili yake ya sauti na mawimbi. Baada ya miezi ya harusi, sendoff na kitchen party, C inabaki na GB chache, Windows inakosa pa kupumulia, na kila kitu kinakwama, siyo Premiere peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya Media Cache, futa ya zamani, hamishia folda kwenye SSD nyingine. Haifuti klipu zako. Inajengwa upya ukifungua mradi.

RAM sijaisahau. Adobe wenyewe wanapendekeza GB 16 kwa video za HD na GB 32 kwa 4K, na mwenye GB 8 anayefungua Premiere, Photoshop na Chrome yenye tabu ishirini anajitesa. Lakini iongeze wakati grafu imesema hivyo.

Klipu za simu zina vituko vya ziada. Simu nyingi zinabadilisha kasi ya fremu kadiri mwanga unavyopungua, kwa hiyo klipu ya ukumbini inaweza kwenda 30, ikashuka, ikapanda. Kwenye taimlaini utaona picha inakwamakwama na hotuba ya mjomba ikiachana na midomo yake. Ipitishe kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, chagua Constant Framerate, ndipo uiingize. Na kwa wenye laptopu: kama inaanza vizuri halafu baada ya muda inazidi kuwa nzito, pima joto. Kwenye chumba kisicho na kiyoyozi hapa Dar mwezi wa pili, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Safisha feni, inyanyue kutoka kitandani, na uedit ikiwa kwenye umeme, kwa sababu ikiwa kwenye betri nyingi zinabana nguvu.

Kugandia kwenye kurenda, yaani wakati wa kutoa video ya mwisho, ni kesi nyingine. Ikisimama kila mara karibu na asilimia ileile, acha kulaumu mashine. Kuna kitu mahali hapo kwenye taimlaini: klipu iliyoharibika, picha kubwa kupita kiasi kutoka kwa mpiga picha, au efekti moja korofi. Asilimia hailingani sawasawa na dakika, kwa hiyo toa nusu ya kwanza peke yake, kisha ya pili. Nusu inayogoma igawe tena, mpaka ubaki na sekunde chache unazoweza kuzitazama klipu kwa klipu. Ukimpata mkosaji, mtengeneze upya kwa kodeki nyingine au mtoe.

Ikiwa inagandia mahali tofauti kila mara, jaribu kutoa ukiwa umechagua Software Encoding (prosesa ndiyo inayofunga video) badala ya Hardware (sehemu maalumu ya chipu). Itachukua muda mrefu zaidi, pengine mara kadhaa. Ikipita, shida iko kwenye kadi ya grafiki au draiva yake, yaani programu inayoiendesha. Mwenye NVIDIA aondoe draiva ya Game Ready aweke ya Studio, halafu arudie kwa Hardware. Isipopita hata kwa Software, rudi kwenye grafu ya memori na nafasi ya diski unayotolea video, na kama diski hiyo ni fleshi ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili), angalia faili limefikia GB ngapi lilipokata. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4.