Mwaka ulioandikwa nyuma ya picha ya kazini usikudanganye

Dhana inayopotosha wengi ni kwamba picha ikishaandikwa mwaka nyuma, hakuna tena cha kutafuta. Ukweli ni kwamba maandishi yana umri wake na picha ina wake. Mara nyingi mwandishi alikuwa akipanga albamu miaka mingi baadaye, akikumbukakumbuka tu. Tazama wino kwanza: kalamu za bolpeni zilianza kuuzwa kwa wingi katikati ya miaka ya 1940. Ukikuta “1932” kwa bolpeni, jua iliandikwa baadaye sana. Huenda mwaka ni sahihi, ila aliyeuandika si lazima awe alikuwepo.

Na mwezi uliochapwa kwenye ukingo mweupe? Huo kwa kawaida ni wa kusafisha picha, si wa kupiga. Filamu ya picha 36 iliweza kukaa ndani ya kamera toka sherehe moja ya wafanyakazi hadi nyingine. Hata tarehe ya faili kwenye kompyuta huenda ni ya siku ilipopigwa skani.

“Nyeusi na nyeupe, basi ni ya kale sana.” Hapana. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilitoka 1935, na magazeti yaliendelea na nyeusi na nyeupe kwa miongo.

Wengine husoma vitu vya mezani, jambo zuri, lakini husoma kinyume. Taipureta kuukuu haithibitishi chochote, maana ofisi hutumia mashine mpaka ife. Tafuta kitu kipya kuliko vyote. Simu za mezani za kubonyeza namba, badala ya kuzungusha, ziliingia sokoni Marekani Novemba 1963, kompyuta ya IBM PC Agosti 1981. Ukiiona mojawapo, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Kalenda ya ukutani ndiyo huaminiwa kupita kiasi. Tuseme mwaka hausomeki, ila Juni imeanza Alhamisi. Kati ya 1960 na 1990 hiyo ni 1961, 1967, 1972, 1978 au 1989. Simu ya kubonyeza ikiwepo mezani, 1961 inatoka. Na kalenda yenye picha nzuri huachwa ukutani hata mwaka ukiisha.

Kikomo cha upande wa pili, yaani mwaka ambao picha haiwezi kuuvuka, kitafute kwa watu. Daftari la ajira likionyesha karani aliyekaa mezani alistaafu Machi 1975, inabaki 1967 au 1972, labda awe alirudi kusalimia.